Masika ya Kufunga Mdomo

Jumatatu, 20 Machi 1995

Leo nimekula kiapo cha kufunga mdomo, na mume wangu Mwikwabe amecheka mpaka akaacha chakula. Simlaumu. Kwetu Kehancha sisi ni watu wa habari. Mama yangu akienda kuomba chumvi kwa jirani hurudi bila chumvi, lakini anajua nani amechumbiwa na nani hasemi na nani. Katika watoto wake wote, mimi ndiye niliyemfuata zaidi.

Sasa nimepata kazi katika Kituo cha Ushauri hapa Migori mjini. Mtu huja na shida yake ya shamba, ya ndoa au ya mwajiri, akaelezwa bila malipo sheria inasemaje na aanzie wapi. Sheria ya kituo chenyewe ni kwamba lililosemwa ndani halitoki nje. Halimfikii mume, halimfikii mchungaji, wala halimfikii mshauri wa meza ya pili mpaka mwenye shida akubali.

"Mtu akikuuliza kama fulani alifika hapa, utajibuje?" aliniuliza Marcella, mkubwa wangu.

"Nitamwambia siwezi kusema alikuja kwa nini."

"Umeshamwambia kwamba alikuja."

Marcella ni mwembamba, hacheki, na hutembea kama mtu anayesimamia mtihani. Sijampenda. Mvua imeanza jioni na udongo unanuka vizuri.

Alhamisi, 23 Machi

Chumba chetu kimetenganishwa kwa plaiwudi na mashine ya kusaga ya Abdi. Abdi na mkewe Shamima walitoka Isiolo zamani, na Shamima ana duka pale mbele. Wateja wetu wanaijua hiyo plaiwudi kuliko sisi. Mtu huketi mbele yangu, huuliza habari za nyumbani, hutaja mvua, kisha hungoja. Mashine ikianza kunguruma ndipo ananiinamia na kunimwagia yote sikioni kwa sauti ya juu. Mashine ikizima, anarudi kwenye mvua.

Leo ilizima bila kuonya. Mzee mmoja alikuwa katikati ya kupaza sauti kwamba anamwogopa ng'ombe dume wa shemeji yake, na mji mzima ukasikia. Vijana wa stendi tayari wamempa jina. Mimi nilicheka mpaka machozi. Marcella hakucheka. Alivaa koti lake la mvua, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa yule mzee kumwomba radhi kwa niaba ya kituo.

Ijumaa, 31 Machi

Mvua kutwa. Shamima ameniletea mahamri ya moto, akauliza yule mama wa kitambaa cha kijani aliyekaa kwenye benchi jana ana shida gani. Nimemwambia mahamri ni matamu.

Alhamisi, 6 Aprili

Kabla sijaendelea: Marcella amejua kwamba ninaandika shajara, na uso wake ulibadilika. Kwa hiyo wateja wote humu wana majina niliyowapa mimi, na vijiji vyao nimevihamisha. Zablon si Zablon.

Huyo Zablon amekuja leo kutoka upande wa Uriri. Ni mkulima, mrefu, mzito wa maneno. Alingoja mashine, nayo ilipoanza akaendelea kungoja. Nikafikiri amekuja kukwepa mvua tu.

"Madam," alisema mwishowe, "ile sehemu ya shamba iko upande wa barabara, yenye nyumba yetu, nataka iandikwe jina ya bibi yangu. Phelesia."

Nikamtazama upya. Sijawahi kumsikia mwanamume wa huku akisema hivyo bila kushikiwa panga.

"Ndugu yangu mkubwa alipokufa," akasema, "bibi yake aliambiwa atoke. Alitoka na godoro kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale kwa mlango na sikusema kitu."

Nikamweleza: mpimaji aje agawanye shamba, kisha ombi liende kwa bodi ya ardhi, ile inayokaa kwa D.O., mkuu wa tarafa. Bodi humtaka anayetoa na anayepokea wasimame mbele yake, tena huuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kwa hiyo mkewe lazima afike.

"Atafika. Lakini asijue mpaka siku hiyo."

"Kwa nini? Ni jambo la furaha."

"Mama yangu akisikia atasema Phelesia amenilisha dawa. Ndugu zangu pia. Kwetu bibi akipewa shamba, basi kuna mtu amerogwa. Sasa nataka siku watakapomuuliza kama alijua, aseme hapana, na iwe ni ukweli."

Nimerudi nyumbani nikiwa nimejaa mpaka kooni. Habari tamu kama hii, na hakuna sikio hata moja la kuimimina. Mwikwabe, ambaye hushinda Ogwedhi sokoni akichanja ng'ombe na hurudi na njaa ya maongezi, ameniuliza mara kadhaa kwa nini natabasamu. Nimemwambia ni mvua.

Jumatatu, 10 Aprili

Mahindi yameota. Hakuna jipya.

Jumanne, 18 Aprili

Pasaka imepita, na furaha yangu imepita nayo.

Asubuhi aliingia mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye harufu ya samaki na sauti ambayo haihitaji mashine. Aliweka kopo la omena, dagaa wa ziwani, mezani kabla hata ya kuketi.

"Madam, mimi ni mtu wa omena. Naenda Muhuru Bay kila wiki nachukua mzigo, nauza hapa soko. Juzi nimerudi, nakuta vigingi kwa shamba letu. Jirani ananiambia mtu alikuja na mnyororo, anapima, na bwana yangu anamshikia. Nikamuuliza bwana. Anasema ngoja. Ngoja nini?"

Nilikuwa bado natikisa kichwa kwa huruma alipomtaja bwana. Zablon. Na yeye ndiye Phelesia.

"Hapa kwetu mwanaume akipimisha shamba kimyakimya ni mambo mawili tu," akaendelea. "Ama anauza, ama anatafutia nyumba ya pili mahali pa kusimama. Nimezaa watoto wanne kwa hiyo boma. Madam, nataka kumzuia. Nianzie wapi?"

Jibu lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu. Maneno machache tu, na mama huyu angetoka pale akicheza. Lakini siri haikuwa yangu. Ilikuwa ya Zablon, na aliniachia akiniamini. Pia singeweza kumshauri Phelesia nikijifanya sijui ninachojua. Nikamwambia Marcella atamsaidia kwa kuwa meza yangu imejaa, jambo ambalo lilikuwa kweli kuliko alivyodhani.

Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji. Akachukua kopo lake la omena.

Nikamfuata Marcella nje, nikafungua mdomo.

"Usiniambie kwa nini," alisema. "Nitamchukua. Wewe hutauliza anasema nini kwangu, na mimi sitauliza kwa nini umemkataa."

"Lakini madam, ungejua tu..."

"Kezia. Nikijua, nitamshauri vibaya."

Nilimchukia kwa muda wa chai nzima.

Jumamosi, 22 Aprili

Nimepita sokoni nikiwa nimeamua kumwambia. Nikasimama mbele ya meza yake. Akanitazama, nikamtazama, nikanunua omena.

Jumatano, 3 Mei

Mashine ya Abdi imenyamaza. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani, ya mwaka huu bado ni majani, na hakuna cha kusaga. Wateja nao wakapotea. Kisha leo alasiri imekuja mvua ya mawe, mabati yakalia mpaka mtu hasikii mawazo yake mwenyewe, na kumbe watu walikuwa wameketi tu veranda ya Shamima wakiisubiri. Waliingia mmoja baada ya mwingine, wamelowa, wanacheka. Tumefanya kazi ya wiki nzima kabla mvua haijakatika. Shamima anasema sisi ndio ofisi pekee Kenya inayofunguliwa na mawingu.

Jumamosi, 6 Mei

Omena tena.

Ijumaa, 12 Mei

Zablon amerudi. Amekonda.

"Bibi yangu haongei na mimi. Anapika, anaweka, anaenda. Sufuria zake nzuri amepelekea mamake na ndugu yake kule kwao Asumbi. Madam, kuna mtu wa nyumba yangu amefika hapa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshafundishwa.

"Bwana Zablon, mtu akija kuniuliza kama wewe umefika hapa, ungependa nimjibu nini?"

Alifikiri sana, kama kawaida yake. "Basi," akasema. "Nimeelewa."

Nikamwambia kwa yale aliyonieleza yeye mwenyewe, wala si mengine, kwamba siri hii ni yake na anaweza kuivunja akitaka. Nikamsihi. Nikamwambia mke aliyepeleka sufuria kwao hajapeleka sufuria tu. Nilisema kwa nguvu kuliko inavyompasa mshauri.

Alishika kofia yake akaizungusha. "Bodi inakaa mwezi ujao. Akijua leo, atafurahi leo. Lakini nikifa, mama yangu na ndugu zangu watamuuliza, na uso wake utamsaliti. Hajui kudanganya huyo. Ndiyo maana nilimuoa."

Nilimwona mzito wa akili siku ya kwanza. Leo nimeona kwamba anampenda mkewe mpaka baada ya kifo chake mwenyewe, na nimelia kidogo alipoondoka.

Jumamosi, 20 Mei

Siku mbaya. Phelesia amenisimamisha katikati ya soko, watu wakisikia.

"Ulinifukuza kwa meza yako kama mtu wa upele," alisema. "Sawa. Yule mwingine anajua kazi, yeye haogopi wanaume. Na nikuambie kitu. Hiyo bodi ikipitisha huo mchezo wa Zablon, mimi silali kwa hiyo nyumba tena. Nachukua watoto wangu, naenda kwetu Asumbi. Wacha huyo mpya apikie vigingi."

Nikasema pole. Neno lile lilitoka jembamba na la kijinga, na wanawake wa meza za jirani wakacheka.

Nyumbani Mwikwabe alifungua kabati akaufunga haraka mlango. "Mama Robi," akasema, "hizi omena zote ni za nani? Tunafungua duka?"

Nikaanza kucheka, kisha nikalia, kisha vyote pamoja. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ninabeba jambo la watu, na likiwaharibikia nitakuwa nimelitazama likiharibika. Mwikwabe ni mbea kama mimi. Tulioana kwa sababu hiyo. Nilingoja anichimbe. Hakunichimba. Alikaanga omena na nyanya, akaniwekea, na tukala bila kuongea. Sikujua kwamba mume wangu anaweza kunyamaza vizuri hivyo.

Jumanne, 23 Mei

Nimemwuliza Marcella yeye hubebaje mambo haya. Ameniambia kwamba kabla ya kituo alikuwa katibu wa ofisi fulani ambako mama mmoja alileta barua ya daktari, na kabla ya Jumapili kanisa zima lilikuwa linamwombea kwa jina na kwa ugonjwa wake. Walimwombea kwa upendo kabisa. Yule mama hakurudi tena kanisani, wala hospitalini.

Halafu akafungua droo yake, na ndani ilikuwa imejaa peremende. "Neno likitaka kutoka, naweka moja," alisema. Akanipa. Amecheka. Ana mwanya mzuri wa meno ambao sikuwahi kuuona.

Alhamisi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Mahindi yametoa mbelewele. Nimelala mchana.

Alhamisi, 8 Juni

Niandike polepole, nisiache kitu.

Bodi ya ardhi imekaa leo kwa D.O. Zablon alikuwa ameniomba nifike, asije akakwama kwa maneno. Nilipofika nikamkuta Marcella ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Tukasalimiana. Hakuniuliza nimekuja kwa nani, nami sikumwuliza. Akanipa peremende.

Zablon alikuwa mbele, ndani ya koti la harusi linalombana. Alikuwa amemwambia mkewe asubuhi kwamba wanahitajiwa wote wawili, wala si zaidi ya hapo. Phelesia hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa upande wa pili wa chumba, kitambaa kimefungwa kwa nguvu kichwani. Na hakuwa peke yake. Kando yake aliketi bibi kizee mdogo mwenye fimbo, mama yake Zablon, na nyuma yao wale ndugu wawili wa Zablon. Watu wale wale aliowaficha miezi yote, mkewe mwenyewe ndiye aliyewaleta.

Nikamgeukia Marcella. Alikuwa anatazama mbele, ametulia kabisa. Nikaelewa kwamba ni yeye aliyemshauri: mtu anayetaka shamba la ukoo lisiuzwe, aje na mkubwa wa ukoo. Ushauri mzuri kwa mtu asiyejua kilichoko. Mimi mwenyewe ningempa huo huo.

D.O. alitaja shamba la Zablon. Kabla hajamaliza, Phelesia alikuwa amesimama.

"Napinga, mheshimiwa."

"Na mimi napinga," akasema mama mkwe, akijiinua kwa fimbo.

"Mama, ngoja kwanza, sijasoma..." akasema D.O.

"Sikiliza mimi kwanza, nimekuwa kwa hiyo boma kabla wewe kuzaliwa." D.O. akasikiliza. "Huyu kijana yangu amepima shamba kama mwizi. Hajaambia mtu. Na huyu bibi yake hajui kitu. Amelia kwa jikoni yangu tangu Pasaka. Nilimuuliza, nyathina, mtoto wangu, kuna kitu umeficha? Hakuna. Mimi naapa mbele yenu wazee wote, kama huyu mtoto anajua lolote juu ya hivyo vigingi, Mungu achukue ulimi yangu."

Wale ndugu wawili wakasema ni kweli, hajui, wao pia wameona.

Nilifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Zablon alikuwa amesimama ameduwaa, anamtazama mama yake kama mtu aliyeona mvua ikinyesha kwenye shamba lake peke yake.

D.O. alisoma karatasi yake. Akamtazama mwanamke. Akasoma tena.

"Wewe ndiye Phelesia?"

"Ndiye mimi."

"Bwana yako anaomba sehemu yenye nyumba iandikwe jina lako. Wewe ndiye unapokea. Mama, unapinga kupewa shamba?"

Phelesia alimgeukia mumewe.

"Zablon?"

"Ni yako," alisema Zablon. Alikuwa ameandaa maneno mengi, ninajua, maana nilimsaidia kuyapanga. Yote yalimkimbia. "Nilikuambia ungoje."

Phelesia akaketi. Yaani aliketi sakafuni hapo hapo, mama wa watu mnene na kitambaa chake, akaanza kulia na kucheka, na mzee mmoja wa bodi akawa anajipangusa macho kwa tai.

Ndugu mmoja akafungua mdomo. "Lakini mheshimiwa, kwa mila yetu, mwanamke..."

Mama yake akamtazama tu. Akafunga.

"Mama," D.O. akamwuliza bibi kizee, kwa heshima sasa, "bado unapinga?"

Alikunja midomo. Niliona yote yakipita usoni mwake: hasira, aibu, na pengine lile godoro la yule mjane. Alikuwa na neno lake tayari, neno la dawa. Wazee wa rika lake wote wanalo. Lakini alikuwa ameapa kwa ulimi wake, mbele ya bodi nzima na wanawe wote, kwamba mkaza mwana wake hajui kitu.

"Nimesema hakujua," alisema mwishowe. "Siwezi kusema sasa alijua. Andikeni."

Phelesia aliweka kidole kwenye wino akiwa bado sakafuni. Karani ndiye aliyemwinamia.

Nje, chini ya ukingo wa paa, alinishika mabega. Macho yalikuwa mekundu na uso wote unacheka.

"Madam. Ulikuwa unajua?"

Marcella alikuwa nyuma yangu. Nilisikia hata pumzi yake. Ningeweza kusema ndiyo, siku ya leo, mambo yamekwisha, nani angeumia? Lakini Zablon hakuwa ameniruhusu hata sasa.

"Hongera, nyar Asumbi," nikasema, nikimwita binti wa kwao. "Hongera sana."

Akanikumbatia mpaka viatu vyangu vikatoka matopeni. Marcella alisema ana mafua, akapenga pua mara nyingi njiani. Nampenda Marcella.

Tulikuwa tumefika barabarani nilipovutwa mkono. Alikuwa yule mama mkwe wa Phelesia, fimbo mkononi. Aliwatazama wanawe walioko mbali, kisha akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Wewe ulijua," alisema. "Uso yako ilikuwa inapasuka kama mahindi kwa moto. Na hukusema. Hata mtoto alikulilia, hukusema."

Nikatia peremende mdomoni.

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayekagua mbuzi na kuridhika. "Huo mlango wenu hufunguliwa saa ngapi?"

Jumatatu, 12 Juni

Yule mama mkwe alikuja peke yake, asubuhi na mapema, kabla ya Shamima kufungua duka. Aliongea mpaka adhuhuri. Ni jambo alilolibeba tangu alipokuwa msichana, na ni kubwa, na ni tamu, na limenichekesha na kuniliza, na Mwikwabe angetoa ng'ombe kulisikia.

Siandiki zaidi ya hapo.